JINA LA UKOO NA KITABU CHA KANISA



Katika somo hili twataka kuzungumza juu ya majina ya ukoo ya Waingereza: jinsi yalivyoanza, na jinsi wenyewe wanavyofuatilia habari za wazee wao. Huenda mmoja wenu atauliza, "Ya Waingereza yatuhusu nini?" Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, katika parishi zetu wako watu si haba wanaoitwa kwa majina hayo. Pili, kazi hiyo ya kutafuta wazee imesimama juu ya kitu ambacho sisi nasi tunacho katika sakristia yetu, yaani vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko.

Lakini tuanze na kisa kilichotufanya tuandike.

Mwaka jana alitujia nyumbani mwanafunzi wetu wa zamani, tuliyemfundisha chuo cha ualimu, ambaye sasa ni mwalimu mkuu. Alikuwa katika shughuli za kumwoza binti yake. Wazee wa upande wa mume walipokuja kuposa, mmoja wao aliuliza kwa sauti ya chini, lakini ya kusikika, "Ninyi hasa ni watu wa wapi?" Kila aliyekuwapo alifahamu maana ya swali lile. Baba wa babu yake mwalimu huyu alikuwa mtoto aliyekombolewa kutoka katika jahazi la watumwa, akalelewa na misheni, na jina la ukoo wanalotumia mpaka leo ni la Kiingereza. Jina lenyewe hatutalitaja. Yatosha kusema kwamba ni moja la majina ya kazi za mikono.

Swali lile lilimchoma. Akatafuta katika intaneti, akawakuta watu wanaouza "historia ya ukoo" kwa kila jina la Kiingereza, akalipa fedha nyingi kwa mshahara wa mwalimu, akapata karatasi nzuri yenye ngao ya rangi, simba wawili na maneno ya Kilatini. Alipotuonyesha alisema, "Mwalimu, nataka kuichapa katika kadi za arusi, wajue kwamba sisi nasi tuna asili. Je, ni kweli?"

Hatukumjibu papo hapo. Tulimwambia aketi anywe chai kwanza. Yafuatayo ndiyo tuliyomweleza jioni ile, ila hapa tumeyapanga vizuri zaidi.

1. ZAMANI JINA LILIKUWA MOJA

Kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mtu wa nchi ile aghalabu alikuwa na jina moja tu, nalo lilikwisha naye alipokufa. Baada ya vita ile, majina machache yalipendwa kupita kiasi: William, Robert, Richard, Thomas, John. Basi kijiji kimoja kikawa na akina John sita, na karani wa bwana wa ardhi, aliyetaka kujua nani amelipa kodi na nani bado, akaona taabu. Akaanza kuongeza neno: John mhunzi, John wa mlimani, John mwana wa Robert, John mfupi.

Maneno hayo mwanzoni hayakurithiwa. Mwana wa John mhunzi akiwa mwoka mikate, aliitwa mwoka mikate. Pole pole, hasa kati ya karne ya 13 na ya 15, neno la baba likaanza kumkalia mwana na mjukuu, hata kama mjukuu hajapata kushika nyundo. Mabwana wakubwa walitangulia, watu wa kawaida wakafuata. Na sehemu za kusini zilitangulia zile za kaskazini. Hivyo ndivyo jina la mtu lilivyogeuka kuwa jina la ukoo.

2. MAFUNGU MANNE

Wataalamu huyagawa majina hayo katika mafungu makubwa manne. Mifano mingine tutaitoa kwa watu ambao wazee wetu waliwajua.

(a) Majina ya mahali. Hill ni mlima, Wood ni msitu, Ford ni kivuko cha mto. Askofu Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi alipofariki 1924, alikuwa na jina la namna hii. Weston maana yake ni shamba au kijiji cha upande wa magharibi.

(b) Majina ya kazi. Smith ni mhunzi, Taylor ni mshona nguo, Cooper ni mtengeneza mapipa, Fletcher ni mtengeneza mishale. Clark ni mtu wa kanisa aliyejua kusoma na kuandika, nasi tumelipata neno "karani" kwa kazi kama hiyo. Askofu Tozer, aliyeihamishia misheni Zanzibar mwaka 1864, alikuwa na jina la watu waliochambua sufu kabla ya kusokotwa uzi.

Tena kazi moja yaweza kuzaa majina matatu. Nguo ya sufu ikitoka kwa mfumaji ilikuwa lazima ikanyagwe ndani ya maji mpaka ikaze. Aliyefanya kazi hiyo aliitwa Fuller upande wa kusini mashariki, Tucker upande wa kusini magharibi, na Walker upande wa kaskazini na katikati ya nchi. Kwa hiyo Alfred Tucker, aliyewekwa askofu mwaka 1890 na kufanya kazi Uganda, jina lake ni la kazi ile ile ya kina Walker.

(c) Majina ya baba. Johnson ni mwana wa John, Robinson ni mwana wa Robin. William Percival Johnson, aliyehubiri kando ya Ziwa Nyasa miaka mingi mpaka akafa huko mwaka 1928, alikuwa wa fungu hili.

(d) Lakabu, yaani majina ya utani. Brown ni mtu wa rangi ya kahawia, kwa nywele au kwa ngozi. Short ni mfupi. Armstrong ni mwenye mkono wa nguvu. Utani wa siku moja kijijini umedumu miaka 600 na zaidi!

3. JINA MOJA SI DAMU MOJA

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Basi akina Smith walianza katika mamia ya vijiji, bila udugu wowote kati yao. Viko vijiji vingi vinavyoitwa Weston, kila kimoja na watu wake waliochukua jina lake. Majina machache tu, yale ya nadra, yanaweza kuwa yametoka kwa baba mmoja. Kamusi kubwa ya Oxford ya majina ya ukoo ya Uingereza na Ireland, iliyotolewa mwaka 2016, ina majina zaidi ya 45,000. Nayo hueleza maana ya jina na mahali lilipoonekana zamani. Lakini hakuna kamusi iwezayo kumwambia msomaji kama yeye ni wa ukoo fulani.

Mtazameni William Shakespeare, mwandishi ambaye Mwalimu Nyerere alizitafsiri tamthilia zake mbili. Alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume, Hamnet, ambaye alizikwa tarehe 11 Agosti 1596, umri wake miaka 11. Mabinti wawili walibaki, lakini mjukuu wa mwisho, Elizabeth, alifariki mwaka 1670 bila mtoto. Kizazi kikakoma hapo. Basi mtu yeyote anayeitwa Shakespeare leo, hata awe na jina hilo katika vyeti vyake vyote, hakutoka katika kiuno cha mwandishi yule.

Tena tunao mfano wa kwetu pwani. Kasisi William Jones wa Rabai aliwahi kuwa mtumwa, akakombolewa, akalelewa India, kisha akarudi Afrika. Ndiye aliyefuatana na Askofu Hannington katika safari ya mwaka 1885 ambayo askofu aliuawa. Jones ni jina lililoenea sana Wales, maana yake mwana wa John. Je, kasisi yule alikuwa Mwelshi? La. Alipewa jina kama mtu anavyopewa kanzu.

Na ngao je? Kwa desturi ya Uingereza ngao hupewa mtu, naye huwarithisha wazao wake halali. Ofisi inayoshughulika na mambo hayo, College of Arms ya London, iliundwa mwaka 1484. Hakuna ngao ya jina. Wauzaji huchukua ngao ya mtu fulani aliyeitwa hivyo, wakamwuzia kila mwenye jina. Tulimwambia mwalimu wetu, "Huenda ngao hii ni ya kweli, lakini si yako, wala si ya Waingereza walio wengi wenye jina hili." Alikunja karatasi akanyamaza.

4. NJIA YA KUTAFUTA

Kanuni ya kwanza ni ile tuliyowafundisha walimu darasani: toka kwenye linalojulikana, uende kwenye lisilojulikana. Anayeanza na mtu mashuhuri wa zamani, kisha akashuka kujitafutia mahali pa kujipachika, amekwisha potea. Anza na nafsi yako, kisha wazazi, kisha babu na bibi, hatua kwa hatua, na kila hatua iwe na ushahidi ulioandikwa. Mwingereza afuataye njia hiyo hupita vituo hivi:

Kwanza, wazee walio hai, pamoja na barua, picha na Biblia ya nyumbani.

Pili, vyeti vya serikali. Katika Uingereza na Wales uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Julai 1837. Cheti cha kuzaliwa hutaja wazazi wote wawili, hata jina la mama kabla hajaolewa. Cheti cha ndoa, kwa ajabu, kilitaja akina baba tu. Majina ya mama zao bwana na bibi arusi yaliongezwa mwezi Mei 2021.

Tatu, sensa. Huhesabiwa kila miaka 10 tangu 1801, isipokuwa 1941 wakati wa vita. Majina ya watu wote yanapatikana tangu ile ya 1841, na tangu 1851 kila mtu huonyeshwa umri wake, parishi aliyozaliwa na uhusiano wake na mwenye nyumba. Karatasi hizo hufungwa miaka 100. Zile za 1921 zilifunguliwa Januari 2022. Zile za 1931 ziliteketea kwa moto mwaka 1942.

Nne, vitabu vya kanisa. Kabla ya 1837 hivi ndivyo nguzo ya kazi yote. Septemba 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kila parishi iwe na kitabu, na kila Jumapili padri aandike mbele ya wazee wa kanisa ubatizo, ndoa na maziko ya juma lile. Kitabu kifungiwe katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa padri na mwingine kwa wazee. Watu wengi walinung'unika wakidhani ni hila ya kuwatoza kodi. Mwaka 1598 Malkia Elizabeth wa Kwanza aliidhinisha agizo kwamba yaliyoandikwa katika karatasi yanakiliwe katika vitabu vya ngozi, hasa tangu 1558 alipoanza kutawala, na kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu. Kwa sababu hiyo, kitabu cha parishi kikipotea, pengine nakala ya askofu huokoa habari. Baadaye kanuni za kanisa zilidai kufuli tatu.

Tano, wasia. Mpaka mwanzo wa 1858 wasia zilithibitishwa katika mahakama za kanisa, nazo hutaja wake, watoto, hata vitanda na sufuria.

Vitabu vya parishi vilivyo vingi sasa vimehifadhiwa katika nyumba za kumbukumbu za wilaya zao, na vingi vyasomeka kwa intaneti. Lakini orodha ya intaneti ni ya kuonyesha njia tu. Ukiona jina katika orodha, nenda ukatazame ukurasa wenyewe.

5. MITEGO

Msafiri huyo hana budi kujihadhari na mambo manne.

Tahajia. Waliosaini kwa alama ya msalaba hawakuweza kumsahihisha padri, naye aliandika alivyosikia. Hata Shakespeare mwenyewe, katika saini zake sita zilizobaki, hakuliandika jina lake kwa namna moja.

Kilatini. Kitabu cha Stratford huonyesha kwamba tarehe 26 Aprili 1564 alibatizwa "Gulielmus", mwana wa John. Ndiye William. Angalieni pia kwamba mama yake, Mary Arden, hakutajwa katika mstari ule.

Kalenda. Kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo mtoto aliyebatizwa Februari 1700 kwa hesabu yao, kwetu ni Februari 1701. Na mwaka 1752 wenyewe, tarehe 2 Septemba ilifuatwa na tarehe 14.

Mapengo. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, tangu 1642, na miaka ile nchi ilipokosa mfalme, vitabu vingi vina kurasa tupu. Mtafutaji mwaminifu akifika kwenye pengo husema, "Hapa sijui." Mwuza ngao hasemi hivyo kamwe.

6. TULIVYOFANYA NA MWALIMU WETU

Baada ya maneno hayo tulimwuliza, "Umekwisha kumwuliza shangazi yako?" Hakuwa amemwuliza. Alikwenda London kwa intaneti kabla ya kwenda kwa shangazi yake, mwendo wa nusu saa kwa basi! Shangazi alitaja kituo cha misheni ambako mzee yule alibatizwa. Tukaandika barua kwa padri wa pale, kisha tukaenda wote wawili.

Kitabu cha ubatizo kilikuwapo. Tulitumia asubuhi nzima. Mwisho tukaupata mstari: jina la ubatizo, umri kama miaka 8, kabila, Myao, wazazi, hawajulikani, msimamizi, fundi mmoja Mwingereza wa misheni. Na jina la ukoo la fundi huyo ndilo jina lile lile. Ikaonekana wazi kwamba mtoto alipewa jina la msimamizi wake. Hapakuwa na simba wala Kilatini. Mwalimu wetu aliuweka mkono juu ya neno "Myao" akakaa kimya muda mrefu.

Tukaomba kitabu cha ndoa, tujue mzee yule alimwoa nani. Tukaletewa majalada mawili, na kati yake vumbi. Kiliwekwa sakafuni miaka mingi, mchwa wakakimaliza.

Wazee wa upande wa mume waliporudi, mwalimu aliwasomea ule mstari kama ulivyo, neno kwa neno, bila kuficha. Yule mzee aliyeuliza mara ya kwanza alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akauliza moja tu: "Na bibi yenu, mke wake huyu, alikuwa nani?"

Hilo hatukuweza kulijibu. Arusi ilifungwa; kadi hazikuwa na ngao. Lakini jina la mwanamke yule, aliyezaa ukoo mzima, limeliwa na mchwa.

7. SISI NASI

Tukirudi nyumbani siku ile tuliona haya, na afadhali tuseme kwa nini. Katika ujana wetu tulikuwa karani wa kanisa kwa miaka miwili. Mara nyingi, watu wakiwa wengi mlangoni na jua kali, mahali pa "mama" tuliandika "mke wake", tukapita. Hatukuwa na chuki na mtu. Tulikuwa na haraka. Vitabu vile vitakapofunguliwa na mjukuu wa mtu, atakuta mwandiko wetu mzuri wa kialimu, lakini jina la bibi yake hatalikuta.

Basi twawasihi, hasa makarani na wazee wa kanisa. Majina yaandikwe yote, ya baba na ya mama, pamoja na kijiji. Wino uwe usiofutika. Vitabu viwekwe juu, mahali pakavu, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli. Kila mwaka nakala ipelekwe dayosisi. Haya si mambo mageni: sanduku lenye kufuli na nakala ya kila mwaka viliagizwa Uingereza mwaka 1538 na mwaka 1598. Nanyi mlio nyumbani, waulizeni wazee wenu wangali hai, mkaandike.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Jina lako la ukoo ni la fungu gani: mahali, kazi, baba, au lakabu? Nani alilipewa kwanza?
2. Kwa nini watu wawili wenye jina moja la ukoo hawawezi kusema ni ndugu kwa jina tu?
3. Andika jina la mama wa bibi yako mzaa mama. Kama hulijui, nani aliye hai anaweza kukuambia?
4. Vitabu vya parishi yetu vimewekwa wapi? Nani ana ufunguo?